Printa ya Breli na Ruhusa ya Mtu Asiye Mkuu

Katika hafla ya kumuaga mtumishi mwenzetu mmoja mjini Embu, nilimsikia kwa masikio yangu mtu akishika kipaza sauti na kueleza kwamba mnakili wetu wa breli alithibitishwa kazini kwa kuwa Mkuu wa kituo alimhurumia, akampa neno lake la siri la kompyuta. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Katika miaka ile ya tisini nilikuwa afisa wa utawala wa kituo hicho, majalada ya watumishi yakiwa chini ya mkono wangu, na ninasema bila kumung'unya maneno: mwanamke yule hakuhurumiwa, na neno la siri hakupewa. Alilikataa mbele ya mashahidi. Alichopewa kilikuwa kidogo kuliko hicho, na cha haki kuliko hicho, na kilipatikana kwa ubishi. Kwa kuwa waliokuwapo tunapungua, nitaeleza mambo yalivyokuwa.

Kituo chetu kilikuwa nyuma ya ofisi za elimu. Embu ndiyo iliyokuwa makao ya mkoa, kwa hiyo hata mambo ya Meru yaliteremka kwetu. Shule zilizokuwa na wanafunzi wasioona, kuanzia nchi kavu ya Kiritiri, kwetu Mbeere nilikozaliwa, hadi huko Tigania ya Meru kwenye baridi, zilipata kwetu vitabu na karatasi za mitihani ya majaribio. Karatasi za wanaoona zilitolewa kwa mashine ya kurudufu, rundo kwa rundo. Za wasioona ziligongwa kwa mashine ya mkono yenye vibonye sita, nakala moja, kisha nyingine, kisha nyingine tena.

Aliyezigonga alikuwa mwalimu kutoka Muthara, mwanamke aliyepofushwa na surua akiwa mtoto, akasoma, akafuzu ualimu, akaja kwetu kuwa mnakili. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa bado katika kipindi cha majaribio. Kwa taratibu za utumishi, mwisho wa kipindi hicho Mkuu huandika ripoti, afisa wa utawala huitia sahihi ya pili, kisha kamati ya mkoa huamua: mtumishi athibitishwe, au arudi alikotoka. Mwalimu alikuwa na mama mzee na wadogo zake waliosomeshwa kwa mshahara ule. Kurudi Muthara bila kazi lilikuwa jambo ambalo hakulizungumzia, na sisi tulijua ni kwa nini.

Ndipo wafadhili wakatuletea kompyuta. Iliendeshwa kwa mfumo wa Unix, na ilikuja na vitu viwili ambavyo hatukuwa tumeviona. Cha kwanza kilikuwa kibao chembamba cha kuwekwa mbele ya kibodi, chenye vijipini vilivyoinuka na kushuka, hivi kwamba maneno tuliyoyaona sisi kwenye skrini Mwalimu aliyasoma kwa vidole. Cha pili kilikuwa printa ya breli, kubwa kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, yenye kelele za mvua ya mawe juu ya paa la mabati.

Niseme kidogo kuhusu mfumo wenyewe, maana ugomvi wote ulitoka humo. Kila mtu huingia kwa jina lake na neno lake la siri, na watu kadhaa huweza kuwa ndani kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye meza yake. Juu yao wote yuko mtumiaji mkuu, aitwaye root, ambaye hakuna mlango uliofungwa kwake. Vifaa navyo, kama vile printa na kanda za kuhifadhia kumbukumbu, mfumo huvihesabu kuwa mafaili: kila kifaa kina mwenyewe, na kimeandikiwa nani anaweza kukisoma na nani anaweza kukiandikia. Printa yetu ya breli iliwekwa kuwa mali ya root peke yake. Na neno la siri la root alipewa Mkuu.

Siku Mwalimu alipomaliza kuandika karatasi yake ya kwanza, tulisimama nyuma yake kama watu wanaongoja harusi. Alituma kazi kwenye printa. Printa ikanyamaza. Vijipini viliinuka, naye akavipitia kwa kidole polepole, akavirudia.

"Imenikataa," akasema.

"Nani?" nikauliza.

"Mashine. Inasema sina ruhusa."

Mkuu akacheka. "Huo ni usalama, Mwalimu. Ukiwa tayari kuchapa, niite." Akamwomba ainuke, akakaa kwenye kiti chake, akaingia kama root, akachapa. Printa ikapiga kelele zake, watu wakashangilia.

Ikawa ndiyo desturi. Mwalimu huandika, huhakiki, kisha humngoja Mkuu. Lakini Mkuu alikuwa mtu wa semina. Leo Nakuru, kesho Nyeri, kesho kutwa yuko njiani. Kazi iliyokamilika kabla ya chai ya saa nne ililala ndani ya kompyuta, na Mwalimu, asiyejua kukaa bure, akarudi kwenye mashine ya mkono na kuanza kuigonga upya kazi ileile. Nilipita dirishani nikiisikia ile tak, tak, tak, huku mtambo wa wafadhili umefunikwa kitambaa. Mwalimu mkuu wa shule moja alikuja mwenyewe kutoka Kiritiri, viatu vimejaa vumbi jekundu, akarudi na nusu ya alichokifuata.

Hilo pekee lingetosha kuniudhi. Lakini Mkuu akaniletea ripoti ya Mwalimu ili niitie sahihi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Iliandikwa hivi: mtumishi huyu hana uwezo wa kuendesha mtambo bila kusimamiwa, kwa hiyo haipendekezwi athibitishwe.

"Bwana Mkuu, hii siwezi kuitia sahihi."

"Uongo uko wapi? Kila akichapa, si mimi ninayekaa pale?"

"Unakaa pale kwa sababu mashine imeambiwa ikusikilize wewe peke yako."

"Mtambo nimeupokea mimi. Nimetia sahihi mimi. Ukiharibika, mshahara utakaokatwa ni wangu. Si wako, wala wake."

Katika hili la mwisho hakudanganya, na sitaki kumwonea. Utaratibu wa serikali ulikuwa huo: aliyepokea mali ndiye alipaye. Alikuwa ameona maafisa waliostaafu wakiwa bado wanakatwa kwa ajili ya gari lililopinduliwa na dereva. Lakini hofu ya mtu mmoja si kipimo cha uwezo wa mtu mwingine. Nilimwambia hivyo, nikamrudishia ripoti bila sahihi, nikaenda mezani kwangu.

Kwenye chai, mhasibu wetu, ambaye hakuwahi kukutana na kanuni asiyoweza kuizunguka, alinipigia mluzi.

"Mzee, wewe unapenda vita. Si Mkuu amnong'onezee tu ile siri, maisha yaendelee? Kwani sisi kwa akaunti tunafanyaje? Funguo za sefu ziko kwa mtu mmoja, lakini kila mtu anajua ziko chini ya sinia."

"Basi sasa na mimi najua," nikasema, naye akapaliwa na chai.

Ushauri huo ulimfikia Mkuu, na nadhani ulimvutia, maana ulimwondolea usumbufu bila kumwondolea madaraka. Asubuhi moja, gari likiwa linamngoja nje, alikuja hadi kwenye meza ya Mwalimu, akainama sikioni kwake. Tulikuwapo mimi, mhasibu na katibu muhtasi.

"Mwalimu, nitakuambia lile neno. Lakini usimwambie mtu."

"Basi usiniambie, Bwana Mkuu."

"Kwa nini tena?"

"Ukinipa funguo za nyumba nzima ili nichote maji jikoni, siku kijiko kitakapopotea chumbani nitaitwa mimi."

"Nani atakuita?"

"Wewe."

Katibu muhtasi alicheka hadi akashika meza. Mkuu alitoka bila kuaga. Huo ndio ukweli wa lile neno la siri. Liliahidiwa kwa mnong'ono, likakataliwa kwa sauti.

Mwalimu alikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe wakati ule. Anayeingia kama root anaweza kuyafuta mafaili ya ofisi nzima kwa mstari mmoja, na kumbukumbu za mashine zitaonyesha tu kwamba root ndiye aliyefanya. Hakuna jina la mtu hapo. Nimefanya kazi ya majalada maisha yangu yote. Kitendo kisicho na jina ni kitu ninachokiogopa kama moto.

Muda haukupita mrefu, fundi wa mradi akaja kutoka Nairobi, mtu wa haraka, gari hakulizima sawasawa. Nilimweleza shida. Aliandika mstari mmoja akasema, "Tayari. Sasa kila mtu ana ruhusa."

"Kila mtu?"

"Kila mtu, mzee. Si mlitaka demokrasia?"

Akaondoka. Ni kweli kwamba kwa muda mfupi tulipumua. Mwalimu alichapa alipotaka, marundo yakaenda Meru na Mbeere kwa wakati wake, na nilianza kufikiri kwamba ripoti ingeandikwa upya bila makelele. Kisha akaniita.

"Bwana Afisa, njoo nikusomee jiografia."

Nikaketi. Akaweka vidole juu ya ukurasa uliotoka muda huohuo, akasoma kwa sauti yake ya darasani: "Swali la saba. Eleza sababu mbili zinazofanya mvua kuwa haba katika nyanda za chini za wachezaji wote waje na soksi."

"Waje na nini?"

"Soksi. Mechi ni Jumamosi, uwanja wa polisi. Atakayechelewa hatacheza."

Tulicheka sote wawili. Karani wa stoo, aliyekuwa nahodha wa timu ya ofisi, alikuwa ametuma tangazo lake kwa printa ya kawaida, akakosea jina la kifaa, na kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa na ruhusa, mashine haikuwa na sababu ya kumzuia. Tangazo likapenya katikati ya mtihani. Kama Mwalimu asingekuwa na tabia ya kuhakiki kila ukurasa, mtahiniwa fulani huko Tigania angekaa akitafuta uhusiano wa mvua na soksi.

Mkuu aliposikia, aliifunga printa siku hiyohiyo, ikarudi kuwa ya root peke yake. Ule ukurasa wa soksi aliubandika nyuma ya ripoti kama ushahidi. Ushahidi wa nini, nilimuuliza. "Wa vurugu," akasema. Vurugu ya karani wa stoo ikawa imeingia katika jalada la Mwalimu, na kamati ilikuwa imeshapanga kuja Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Kitabu cha mwongozo wa mfumo kilikuwa bado ndani ya boksi lake, kimefungwa na nailoni. Nilikiandikia risiti ya kukiazima, nikaenda nacho nyumbani, mtaa wa Dallas hapohapo Embu, na Jumamosi yote mke wangu alichambua ndengu zilizotoka Kiritiri huku mimi nikichambua Kiingereza cha mafundi. Hakikuwa kigumu kama walivyotaka tuamini. Niligundua kwamba kuna njia ya tatu ambayo fundi hakuitaja, labda kwa haraka yake. Kila kifaa kimeandikiwa ruhusa mara tatu: ya mwenyewe, ya kundi lake, na ya watu wengine wote. Fundi alikuwa amewafungulia watu wengine wote. Mkuu alikuwa amewafungia wote isipokuwa mwenyewe. La katikati hakuna aliyeligusa.

Nilimsomea mke wangu ukurasa huo.

"Hiyo si mizinga?" akasema bila kuinua kichwa.

Ilikuwa mizinga kweli. Nyumbani kwetu Mbeere kila mzinga wa nyuki huchongwa alama. Baba yangu alipokuwa safarini, watu wa ukoo wetu waliweza kuuteremsha mzinga wake na kuurina, kwa sababu alama waliifahamu na wao walifahamika. Mtu wa ukoo mwingine alipita chini ya mti huohuo akisikia nyuki wakivuma, akaendelea na safari. Hakuna aliyehitaji kujifanya baba yangu ili apate asali, na hakuna aliyesema kwamba basi mizinga yote iwe ya kila mpita njia. Jambo ambalo wafuga nyuki wamelipanga bila shahada lisingeshindikana katika ofisi ya mkoa.

Jumatatu niliwasilisha pendekezo langu kwa maandishi, kama ipasavyo. Liundwe kundi liitwalo breli. Printa ibaki mali ya root, lakini kundi lake liwe hilo. Mwenyewe na kundi waweze kuisoma na kuiandikia. Wengine wasiweze lolote. Mwalimu aingizwe katika kundi kwa jina lake.

Mkuu alilisoma akazungusha kalamu. "Wewe ni afisa wa utawala. Tangu lini umekuwa fundi?"

"Sijawa fundi. Kuamua nani afanye nini, na kwa jina la nani, ndio utawala wenyewe."

"Na nikikataa?"

"Nitaitia ripoti yako sahihi leo hii, Bwana Mkuu. Lakini juu ya sahihi nitaongeza sentensi moja: kwamba mtumishi huyu hajawahi kuruhusiwa kutumia kifaa anachopimwa kwacho."

Alilisoma pendekezo tena. Nilijua anaiona kamati ikisoma sentensi hiyo. Hatimaye akainuka, tukaenda kwenye mashine, mwongozo wazi mapajani mwangu, mimi nikisoma na yeye akiandika kwa vidole viwili. Tulipomaliza, aliiagiza mashine ionyeshe hali ya printa, na mstari ukaanza hivi: crw-rw----. Herufi rw, za kusoma na kuandika, zimo kwa mwenyewe, zimo kwa kundi, na baada yake vistari vitupu kwa ajili ya wengine. Mwalimu naye aliuita mstari huo kule mezani kwake, akaupitia kwa kidole kwenye kibao chake, akatikisa kichwa kukubali. Akatuma ukurasa.

Vijipini viliinuka. Hakuhitaji kutuambia, tuliuona uso wake.

"Sina ruhusa," akasema.

Mkuu akafunga mwongozo wangu taratibu kwa mkono mmoja. "Umeona sasa? Si mimi. Root amesema ndiyo, mashine inasema hapana. Basi tatizo ni nani, kama si yeye?"

Sijawahi kumsamehe kwa sentensi hiyo, ingawa tulisalimiana kwa heshima hadi alipohamishwa.

Jumanne na Jumatano tuliukagua mstari mmoja baada ya mwingine. Jina la kundi lilikuwa sawa. Jina lake ndani ya kundi lilikuwa sawa, herufi kwa herufi. Nilimwambia apumzike, akakataa. "Jina langu limo," akasema. "Kundi limo. Ruhusa imo. Ni mimi tu nisiyemo." Kisha akarudi kwenye mashine ya mkono, kwa sababu shule za Meru zilikuwa zinangoja, naye akazigonga kurasa kama mtu anayepigilia misumari.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya ofisi zetu, ambayo vijana wa leo huenda wasiiamini. Afisa aliyetaka kuondoka kwa shughuli zake aliliacha koti lake juu ya kiti. Mgeni akimuulizia, aliambiwa "yupo," na akaonyeshwa koti. Ilipokuja kompyuta, desturi ikahamia humo. Mkuu alikuwa amefundishwa amri ya kuonyesha majina ya walioingia kwenye mfumo, akaifanya kuwa orodha yake ya mahudhurio: asubuhi aliitazama, na ambaye jina lake halimo alihesabiwa kuwa hayupo. Matokeo yake yalikuwa ya kutabirika. Hakuna mtu aliyekubali tena kutoka kwenye mfumo. Watu walienda nyumbani, walienda sokoni, walienda maziko huko Runyenjes, huku majina yao yakiwa ndani yanachapa kazi. Na Mwalimu, aliye katika majaribio, aliyeogopa kuhesabiwa hayupo kuliko mtu yeyote, hakutoka kabisa.

Alhamisi nilikwenda kumtafuta Mkuu, nijaribu kumshawishi ripoti isubiri.

"Yupo," akasema katibu muhtasi. "Koti lile pale."

"Yupo wapi?"

"Mzee, usiniulize zaidi. Koti liko."

Nilisimama nikilitazama koti lile la kijivu na hasira ikaniongezea akili. Nikafikiri: tangu jana mambo mangapi yamepita katika ofisi hii, na koti halina habari, kwa maana mwenye koti hakuja kuambiwa. Nikageuka karibu nikimbie, jambo lisilopendeza kwa mtu wa cheo changu, nikaufungua mwongozo kwenye ukurasa wa makundi. Ulikuwa umeandikwa wazi, nami niliusoma Jumamosi nikaupita: mtu hutajiwa makundi yake mlangoni, wakati wa kuingia. Aliyeingia kabla kundi halijaundwa hukaa ndani na habari za zamani, hata kama nje amekwisha andikishwa.

"Mwalimu," nikamuuliza, "uliingia lini kwenye mashine?"

"Sijatoka tangu stima ilipopotea, mashine ikazimika nikaingia upya."

"Ilipotea kabla ya soksi?"

"Kabla ya soksi."

"Basi toka."

Vidole vyake vikasita juu ya kibodi. "Mkuu akitazama orodha?"

"Mkuu mwenyewe amewakilishwa na koti. Toka kabisa, halafu uingie upya."

Akatoka. Akaandika jina lake, akaandika neno lake la siri, lake mwenyewe, ambalo mimi silijui hadi leo. Akatuma ukurasa uleule uliokataliwa Jumatatu.

Ile mvua ya mawe ikaanza. Mhasibu alitokea mlangoni na kikombe mkononi, karani wa stoo nyuma yake, katibu muhtasi akapenya katikati yao. Mwalimu hakugeuka kuwatazama. Alinyoosha mkono akauweka ubavuni mwa printa, akahisi ilivyotikisika, na kitu pekee alichosema kilikuwa: "Nileteeni boksi lingine la karatasi kabla hii haijaisha."

Mchana ule alichapa karatasi zote za Meru. Karani wa stoo, nadhani kwa kutubu, alizibeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Kamati ilikuja Ijumaa, watu watatu, mwenyekiti akiwa mama mmoja wa makamo aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule. Mkuu alisoma ripoti yake bila kubadilisha neno. Alipofika kwenye "bila kusimamiwa" nikainua mkono.

"Bi Mwenyekiti, naomba kamati iache karatasi iende kwenye mashine."

"Sidhani kama ni lazima," akasema Mkuu.

"Ni hatua chache tu," akasema mwenyekiti, na alikuwa ameshainuka.

Mwalimu aliwasalimu, akamwomba mwenyekiti amtajie sentensi yoyote. Mwenyekiti alifikiri kidogo akataja methali, kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Mwalimu aliiandika, akaichapa, akaichana karatasi kwenye printa, akamwekea mbele yake, kisha akamsomea kwa kidole. Sikusogea nilipokuwa. Mkuu pia hakusogea. Nilihakikisha kamati inaliona hilo.

"Nani amemsaidia?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna," akasema Mkuu.

"Kama leo ungekuwa Nakuru, ingekuwaje?"

Mkuu alirekebisha tai yake. "Angechapa."

"Basi liandike neno hilohilo. Angechapa. Afisa wako aitie sahihi tuondoke, tuna kikao kingine Meru na njia ina ukungu."

Niliitia sahihi siku hiyo, kwa kalamu yangu, kwa wino mweusi. Printa ilibaki kuwa mali ya root, kundi likabaki na Mwalimu wake, na neno la siri la mtumiaji mkuu likabaki kwa Mkuu hadi alipokabidhi ofisi. Anayesimama kwenye hafla na kusema vinginevyo, namwomba aje kwangu aketi nimweleze.

Barua ya kuthibitishwa ilifika baadaye kutoka ofisi ya mkoa. Ilikuwa ya wino, kama barua zote za serikali, na desturi ilikuwa kwamba barua za Mwalimu nizisome mimi. Nikafungua bahasha, nikavaa miwani, nikaanza.

"Usinisomee," akasema. "Iandike kwenye mashine kama ilivyo, na vituo vyake. Hii nitajisomea."

Nikaiandika neno kwa neno, nikamwachia faili mahali pake. Akaichapa. Ilikuwa ukurasa mmoja tu, kelele fupi, kisha kimya. Akaishika kwa mikono miwili, akaketi, akaanza kuipitia kutoka juu. Alipofika katikati kidole kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena palepale.

"Hapa pana neno 'msaidizi'."

Nikaangalia ile ya wino. Ni kweli, waliandika Mnakili Msaidizi wa Breli.

"Ndivyo walivyoandika," nikasema.

"Niliajiriwa mnakili. Huyo ninayemsaidia ni nani?"

Nilijaribu kumfikiria. Kuanzia Kiritiri hadi mwisho wa Tigania, ofisini mwetu hapakuwa na mnakili mwingine. Niliikunja barua ya wino, nikairudisha kwenye bahasha yake, na nikaenda kubisha hodi kwa Mkuu.